Muuzaji Hahusiki

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeandika bango. Rangi nyekundu, herufi kubwa, ubao mzito: MALI IKISHATOKA MLANGONI, MUUZAJI HAHUSIKI. Nimelitundika juu ya kaunta, nikarudi nyuma, nikalitazama. Moyo ukatulia. Kuanzia leo mimi ni mtu asiyehusika.

Sababu ni Bi Kipimo. Huyu mama ana duka la sigara za mvuke kama langu, ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango. Jina hilo nimempa mimi, maana hana kitu ambacho hakipimi. Betri anapima. Koili anapima. Mteja mwenyewe anampima kwa maswali mpaka kijasho chembamba kinamtoka. Leo asubuhi kavuka barabara kuja kuniambia, kwa ile sauti yake ya upole inayokera, kwamba mabomba ya kuvutia mvuke ninayouza si ya kumpa kila mtu. Eti, jirani, kile ni chuma na betri tu, hakina akili ndani. Nikamjibu kwamba hata wateja wangu wengi hawana akili ndani na bado tunaelewana. Hakucheka.

Ni kweli hayana akili. Ndiyo uzuri wake! Bomba la shaba, zito, linang'aa. Halina chipu, halina taa, halina kioo cha kusomasoma. Unatia betri, unabonyeza kitufe cha chini, umeme unapanda moja kwa moja kwenye koili, ule waya wa kuchemsha ladha, chumba kizima kinajaa mvuke. Vifaa vya Bi Kipimo vina chipu, vikipata joto vinajizima vyenyewe. Vyangu havijui kuogopa.

Na betri natengeneza mwenyewe. Hapo ndipo kipaji kilipo. Nachukua betri zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu, zimechubuka, zina sura ya msiba. Navua ganda la plastiki la zamani. Navisha jipya, jekundu au la bluu, napuliza kwa mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele, ganda linabana, betri inakuwa bibi harusi. Kuna kipete cheupe cha karatasi ngumu ambacho hukaa kichwani mwa betri, chini ya ganda. Urembo wa kiwandani tu. Vipete hivyo vinanichelewesha, kwa hiyo naviondoa. Binti yangu wa miaka mitano anavipenda sana. Amemvalisha mwanasesere wake mikono yote miwili, bangili hadi kwapani. Katika nyumba yangu hakuna kinachopotea.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea pale pale sebuleni. Leo nimerudi kula, nikakuta suruali juu ya meza yake. Suruali nzuri ya kijivu, yenye tundu la ukubwa wa sahani pale palipokuwa na mfuko. Kingo nyeusi. Harufu ya kitu kilichoungua. Nikauliza kwa utani kama mwenyewe alikalia jiko. Mke wangu akasema suruali ni ya Kinyozi wa pale kona, na kwamba mfukoni mlikuwa na bomba la kuvutia mvuke.

Nikarudisha tonge sahanini.

Nikauliza, na mguu? Maana mimi si mnyama. Akasema suruali ilikuwa imetundikwa msumarini saluni, Kinyozi mwenyewe alikuwa kavaa bukta ya kazi. Angekuwa ameivaa, alisema, sasa hivi wangekuwa wanamshona yeye. Kisha akanitazama. Akauliza kama bomba lile lilitoka kwangu. Nikasema mji huu una maduka mengi ya mvuke. Una mawili.

Jioni Kinyozi mwenyewe akaja, kitana bado kimechomekwa nyuma ya sikio. Anataka suruali mpya. Sikubishana naye. Nilinyoosha kidole kwenye bango. Akalisoma polepole, midomo ikicheza. Akalisoma tena. Halafu akasema, sawa bosi, bango linasema mlangoni, lakini mimi siku ile kulikuwa na mvua, ulinipitishia dirishani. Wateja waliokuwepo wakaanza kulijadili. Wote wakakubaliana kwamba dirisha si mlango. Mmoja ambaye hakuwa hata amenunua kitu akasema kisheria hapo nimebanwa.

Nimelishusha bango, nimeongeza AU DIRISHANI. Kinyozi kaondoka akiapa hatanigusa kichwa tena maisha yake yote. Nywele zangu tayari zinafunika masikio.

Lazima aliliweka bomba mfukoni pamoja na funguo, chuma kikagusa chuma. Ni funguo tu. Funguo zina hatari zake.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya: kiapo. Bango peke yake ni bubu. Sasa kabla sijampa mteja bomba, anainua mkono na kutamka: nimeonywa, nimeelewa, likiungua ni langu. Nani atakuja kudai baada ya hapo?

Wa kwanza kuapa alikuwa mwalimu wa kwaya. Sauti nene, imeshiba. Akaapa mpaka wapita njia wakasimama. Alipofika kwenye "likiungua" akanyamaza. Akauliza linaunguaje. Nikamwambia hayo ni maneno tu, asiyatilie maanani. Akauliza yameungua mangapi. Nikasema moja tu, na hata hilo liliunguza suruali isiyokuwa na mtu. Akaliweka bomba juu ya kaunta taratibu kama yai, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akavuka barabara. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe akiingia kwa Bi Kipimo, akipimwa, na kufurahia.

Lakini siku haikuisha vibaya. Amekuja baba mkwe! Kofia kaishusha hadi puani. Mzee huyu alikuwa refa wa mpira miaka mingi, akastaafu, lakini kipenga hakikustaafu, kimo mfukoni mwake mpaka leo. Watu wote wanamwita Refa, hata mama mkwe. Mwaka jana aliapa mbele ya familia nzima kwamba ameachana na sigara. Na kusema haki, ameachana nazo. Mvuke, anasema, haukutajwa kwenye kiapo.

Nikamwamkia, shikamoo Mzee. Akaitikia kwa kunong'ona. Alitaka kitu kisichowaka taa wala kupiga mlio, mama mkwe asishtuke. Bomba! Nikampa lile zuri kuliko yote, na betri ya bluu niliyoivisha kwa mkono wangu, na ladha ya stroberi. Kumwapisha sikumwapisha. Utamwambiaje baba mkwe ainue mkono? Akalitia mfuko wa ndani wa koti lake jeusi, upande wa moyo, akanipiga bega, akaniita mwanangu. Mwanangu! Tangu nioe ananiita "huyu". Nimefurahi mpaka nimesahau suruali.

Alhamisi, 7 Machi

Kinyozi anatangaza. Kila kichwa kinachoingia saluni kinatoka kimenyolewa na habari ya suruali. Nasikia neno fidia linatajwa. Muuza magazeti kaniuliza kama kweli napeleka watu hospitali.

Nimepata njia. Duka nimempa mke wangu! Kama mali si yangu, lawama itanifikia kwa mguu upi? Nimemwambia wakati wa chai kwamba kwa mapenzi niliyonayo kwake, kuanzia leo yeye ndiye mwenye duka, mimi ni mfanyakazi wake tu. Akaweka sindano chini. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimempenda. Akauliza tena nimefanya nini.

Kisha akakubali, jambo ambalo sikulitegemea. Papo hapo akaanza kutoa amri. Mabomba yote yashuke rafuni leo hii. Kinyozi ashonewe suruali mpya, na kitambaa kitoke kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mfanyakazi afagie duka, maana yeye hupita kila siku akaona lilivyo chafu. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba hii ni zawadi ya upendo, si ya kutumika sana. Akasema amri ya kufagia anairudia.

Nimefagia. Jioni nimelirudisha duka mikononi mwangu. Amesema hakuna neno, ila amri zinabaki. Mabomba nimeyashusha rafuni, nimeyapanga chini ya kaunta, kwa wateja watakaouliza vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya.

Bi Kipimo kavuka tena barabara. Safari hii kashika betri ya Kinyozi, imepasuka tumbo, nyeusi, ganda jekundu limenata kama sukari iliyoungua. Akaiweka juu ya kaunta juu ya kitambaa. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Akaniuliza tu, jirani, pete iko wapi?

Nikauliza pete gani. Pete nyeupe, akasema, ya kichwani. Nikamwambia ule ni urembo. Akafumba macho kidogo. Halafu akaeleza polepole, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikiliza, kwa sababu ile betri ilikuwa inanitazama. Kichwa cha betri ni chanya. Mwili wote uliobaki, mpaka ukingo unaokizunguka kile kichwa, ni hasi. Baina yao pana nafasi ndogo kuliko ukucha. Ile pete ndiyo ukuta wao. Ukiiondoa, linabaki ganda jembamba tu, na ganda likichubuka hapo juu, chuma cha bomba kinawagusa wote wawili kwa pamoja. Moto wote wa betri unatoka kwa mkupuo. Kifaa chenye chipu huenda kikajizima. Bomba lako, akasema, litajizima na nini?

Funguo hazikuhusika. Kinyozi wa watu hakuwa na kosa lolote, zaidi ya kuniamini.

Alipoondoka nilifunga duka nikaenda nyumbani mbio. Mwanasesere alikuwa amekaa juu ya kochi, mikono kainyoosha mbele, imejaa bangili nyeupe hadi kwapani. Kila bangili ni betri moja iliyoko mfukoni mwa mtu. Nilisimama pale nikimtazama. Binti akaniuliza kama nimemletea nyingine.

Hapo ndipo nikakumbuka. Betri ya bluu. Koti jeusi. Upande wa moyo.

Nimepiga simu ya Refa. Kapokea mama mkwe. Simu ile huipokea yeye, na huwa ameiweka sauti ya juu ili na majirani wafaidi. Akasema Refa kasafiri kwenda kutazama mechi, anarudi kesho, je, kuna ujumbe? Nikasema ujumbe ni salamu. Akauliza mbona napumua vile. Nikasema ni salamu za dhati.

Sijamwambia mke wangu. Yule ni baba yake. Nimwambie nini, kwamba nimemfunga babake bomu kifuani na kumtakia siku njema?

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda ukweni asubuhi na mapema. Refa karudi, mzima, hana hata mchubuko. Nilitaka kumkumbatia. Nikakumbuka kilichomo ndani ya koti, nikamwamkia kwa mbali.

Tatizo ni mama mkwe. Alikaa katikati yetu na ufumaji wake, na masikio yake. Nikisema wazi, mzee anakamatwa, familia nzima itajua kwamba kiapo chake kimepata upenyo, na upenyo umeuzwa na mimi. Nikajaribu kwa mafumbo. Nikamuuliza Mzee, ile kalamu niliyokupa inaandikaje? Akasema vizuri sana. Nikasema naomba unirudishie mara moja, wino una kasoro ndogo. Akanikazia macho. Mama mkwe akasema hajawahi kumwona Refa akiandika kitu tangu astaafu.

Baadaye Refa akanisindikiza hadi getini. Nafasi yangu! Nikamwambia harakaharaka, Mzee, naliomba lile bomba. Akacheka. Kanishtukia, anasema, nimepata mteja wa bei kubwa, sasa nataka kumpora yeye. Nikasema hapana, lina hatari. Akasema hatari ipi, wakati Jumatano nililisifu kama mtoto wangu wa kwanza? Kisha akaninyooshea kidole, akasema maneno yaliyonikata maini. Mkwe, bango lako nimelisoma. Mali ikishatoka mlangoni, basi. Mpira ukishavuka mstari ni goli.

Nilifungua kinywa nimwambie kila kitu: pete, mwanasesere, suruali. Mama mkwe akatokea barazani. Nikasema inaelekea kutakuwa na mvua.

Sijisifu kwa hilo. Njia nzima nilijitukana. Kumtia mkono baba mkwe mfukoni ni jambo ambalo sijawahi kusikia mtu amelifanya akabaki na mke. Kesho wametualika wote chakula cha mchana. Kesho nitalichukua lile koti kwa akili.

Jumapili, 10 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Mpango wa kwanza ulikuwa joto. Nilifika mapema, nikajitia kusaidia, nikafunga madirisha yote ya sebuleni isipokuwa moja lililokataa. Mtu akisikia joto atavua koti, si ndiyo? Baada ya muda shemeji zangu walikuwa wamelowa, mama mkwe anajipepea na mfuniko wa sufuria, mke wangu ananitazama kama anayeanza kujumlisha. Refa hakufungua hata kifungo. Akasema joto hili si kitu, kuna fainali aliwahi kuchezesha watu wakizimia.

Mpango wa pili ulikuwa mchuzi. Niliomba nimpakulie Mzee kwa mikono yangu mwenyewe, kwa heshima. Nikajikwaa makusudi. Sikujikwaa vizuri. Bakuli zima lilimwangukia shemeji mkubwa, aliyekuwa amevaa shati jeupe. Refa akachomoa kipenga, akapuliza, akaonyesha kwamba mchezo uendelee.

Mpango wa tatu sikupata muda wa kuutunga. Refa alisimama kueleza jinsi watu wasivyoielewa sheria ya kuotea, akawa anajipigapiga kifuani kwa msisitizo. Kila akijipiga, mimi nakufa kidogo. Mara nikasikia harufu. Stroberi. Stroberi iliyoungua. Halafu moshi mwembamba ukatoka kwenye ukosi wa koti, na yeye bado anaeleza.

Sikumbuki kuruka meza. Wanasema niliiruka yote, na sahani. Nakumbuka tu kwamba nilimkumba baba mkwe kifuani kwa bega, akaketi chini kwa kishindo, nami nikawa juu yake nikivuta koti, vifungo vinaruka, mama mkwe anapiga yowe kwamba nimerukwa na akili, shemeji wawili wamenishika miguu wananivuta nyuma. Nikaling'ang'ania. Koti likatoka na mimi. Bomba lilikuwa la moto kama pasi, lilinichoma vidole kupitia kitambaa. Nikalichomoa mfukoni, nikalirusha nje kupitia lile dirisha lililokataa kufungwa.

Likalipuka uani. Mlio mmoja tu, mkavu. Bomba likaruka juu, likapiga dishi la televisheni, likaangukia ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa, likachemka pale kwa hasira mpaka likanyamaza.

Nikageuka kumtazama Mzee. Alikuwa amekaa sakafuni, shati limebadilika rangi kidogo upande wa moyo, lakini ngozi nzima. Nzima! Nikapiga magoti mbele yake, nikamgusa kifua, nikalia. Sikulia kwa ujanja. Nililia kwa sababu nampenda yule mzee, na sikuwa nimejua kwamba nampenda.

Kwa muda mfupi nilikuwa shujaa. Mama mkwe akanibusu paji la uso. Shemeji mwenye mchuzi akasema amenisamehe. Ndipo mama mkwe akauliza ndani ya koti mlikuwa na nini.

Refa akatazama dari. Nikatazama zulia. Mke wangu akanyanyuka, akaenda uani, akarudi kashika bomba la shaba kwa ncha ya taulo. Kwa mji wenye maduka mawili, hakuhitaji kuuliza.

Refa akatoa kipenga. Akapuliza taratibu. Akaninyooshea kidole mimi. Halafu, na hili nitalikumbuka, akajinyooshea mwenyewe. Akamwambia mama mkwe kwamba alimdanganya na adhabu yake anaipokea. Kisha akanigeukia. Nikajitetea kwamba sikujua, wallahi sikujua kazi ya ile pete mpaka juzi. Akasema mchezaji anayevunja mguu wa mwenzake makusudi anapewa kadi nyekundu. Na yule anayevunja kwa sababu hakutaka kutazama mbele, naye ni nyekundu, mguu umevunjika vilevile. Bango, akasema, ni kama mchezaji kuandika kwenye fulana yake kwamba yeye hachezi rafu. Ni refa gani atakayeisoma?

Vidole viliniuma. Mke wangu alinifunga bendeji, akakaza kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 11 Machi

Natumikia adhabu. Nimezunguka mji mzima na Bi Kipimo, kwa miguu, tukizikusanya betri zangu. Yeye kabeba ndoo ya mchanga ya kuzifukia, mimi nimebeba aibu. Kila mlango nilisema maneno aliyoyapanga mke wangu: nimekuuzia kitu cha hatari, kosa ni langu, nirudishie tafadhali, utapewa iliyo salama. Muuza magazeti alikuwa ameiweka yake chini ya mto. Mshona viatu alikuwa ameifunga kwenye kamba ya funguo shingoni, kama kidani. Bi Kipimo alifumba macho tena.

Nilitegemea kutukanwa. Wengi walinishukuru! Mshona viatu kanipa kiti. Nikajisikia vizuri kiasi kwamba nikaanza kutembea mbele ya Bi Kipimo. Akaniambia, jirani, polepole, ndoo ni nzito, na aliyepaswa kuibeba ni wewe. Nikaibeba.

Kinyozi kapata suruali yake. Kaivaa, kajigeuza mbele ya kioo, kaniambia nikae. Kaninyoa. Sikio moja kalikwaruza kidogo, nadhani kwa makusudi, na sikulalamika.

Nyumbani mke wangu alizikusanya zile pete zote, akazitupa, asizione tena mtu. Binti kalia mpaka kikwikwi. Mwanasesere sasa ana mikono mitupu, na mtoto hasemi nami.

Bango nimelivunja kwa mikono yangu. Mbao nimezihifadhi.

Jumamosi, 16 Machi

Mimi si yule wa wiki iliyopita. Nimebadilika kabisa. Mvuke basi! Betri basi! Duka limepakwa rangi upya, na ule ubao nimeupigilia misumari na kuuandika upande wa pili: USALAMA WAKO NDIYO FURAHA YETU. Mke wangu kausoma mara mbili, akatabasamu. Refa kapita akaniita mwanangu, mchana kweupe, bila kofia.

Bidhaa mpya ni majiko madogo ya gesi. Hayana betri hata moja! Nimeyapata katoni nzima kwa mtu anayefunga biashara yake, ana haraka ya kuhama. Yanakuja vipande vipande, yanataka fundi mwenye mkono mwepesi, na mkono wangu umepona. Nimefunga majiko yote mwenyewe leo hii, kuanzia asubuhi, kwa furaha.

La kwanza nimempelekea mama mkwe, zawadi ya kuomba radhi kwa mchuzi, kwa dishi, na kwa vifungo vya koti. Nimelifunga kwenye mtungi wake kwa mkono wangu mwenyewe, nikakaza vizuri. Kafurahi mpaka akataka kupika leo leo. Kaniuliza mbona linapuliza sss kidogo hata likizimwa. Nikamwambia jiko jipya, mama, halijazoea. La pili nimeliweka jikoni kwetu. Safari hii siuzi kitu ambacho sijakijaribu kwanza nyumbani kwangu. Hilo ndilo somo nililolipata, na nitalishika.

Katika kila boksi mlikuwa na kijipira cheusi cha mviringo, chenye tundu katikati, kimefungwa kwenye kifuko peke yake. Nimekigeuzageuza. Jiko linafungika vizuri tu bila hicho, na vinachelewesha kazi. Nimevikusanya vyote nikamletea binti. Amenirukia shingoni, ameniita baba tena. Mwanasesere amekaa juu ya kochi, mikono kainyoosha mbele, na bangili nyeusi hadi kwapani.